Ushauri: Kigunduzi cha muoni kinahesabu zaidi kando ya mwamba kuliko juu ya ghorofa. Niandike wapi?

Mwl_Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Klabu yetu ya fizikia hapa Nyegezi, Mwanza, imeunda kigunduzi cha muoni (chembe ndogo zinazoshuka kutoka angani) kwa mchoro wa CosmicWatch, ule ulioanzia MIT: plastiki ya sintileta, inayotoa mwanga ikipitiwa na chembe, ya sentimita 5 kwa 5, unene sentimita 1, sensa ya mwanga ya SiPM na saketi ndogo ya Arduino ya kuhesabu. Juu ya ghorofa la madarasa tunapata wastani wa 356 kwa dakika. Tukikishusha kando ya jiwe kubwa nyuma ya bweni: 412, 410, 414, 413, 409, 412. Vitabu vinasema mwamba huzuia muoni, kwetu unaziongeza. Naomba kujua andiko la namna hii lipelekwe jarida gani, na kama kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) ni lazima kwanza. Nahofia mtu asije akatutangulia.

Mjukuu_wa_Kirumba
Hongera sana mwalimu. Muoni zimefanya makubwa. Mwaka 2017 timu ya ScanPyramids ilitangaza uwazi mkubwa ndani ya Piramidi Kuu ya Giza kwa kuhesabu muoni, na 2023 ikaeleza ujia wa mita kama 9 nyuma ya uso wa kaskazini. Sisi tuna mawe mji mzima, tunakwama kwenye fedha. Nchi za Afrika ziliahidi asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, lakini nyingi bado hazijafika hapo. Haya ndiyo ya kupigia kelele.

FundiSaketi
Mjukuu, bajeti ifungulie uzi wake. Mwalimu, usikimbilie jarida. Sentimita moja ya mraba iliyolala hupitiwa na muoni moja hivi kwa dakika. Plastiki yako ina 25 za mraba, kwa hiyo tegemea 25 au zaidi kidogo, maana Mwanza tuko mita 1,140 hivi juu ya bahari. Wewe una 412. Zilizobaki ni nini? Vigunduzi ni kimoja au viwili?

Mwl_Nyegezi
Tepu nyeusi tumezungusha tabaka tatu, mwanga hauingii. Kizingiti, yaani kimo cha chini cha pigo linalohesabiwa, tumekiweka kwa kufuata maelekezo. Naomba turudi kwenye jarida.

FundiSaketi
Kimoja au viwili, mwalimu?

Mwl_Nyegezi
Kimoja. Mchoro wenyewe unaruhusu. Kuongeza cha pili hakutabadilisha ukweli kwamba 412 ni kubwa kuliko 356.

FundiSaketi
Hapo ndipo penye jambo. Kigunduzi kimoja hakijui kutofautisha muoni na gama, mionzi inayotoka kwenye viini vya atomu. Mawe ya Mwanza ni graniti, na graniti ina potasiamu, thoriamu na urani. Potasiamu-40 hutoa gama ya MeV 1.46 (MeV ni kipimo cha nishati), ambayo ikigonga plastiki inaweza kuacha hadi MeV 1.24. Muoni ikipita wima kwenye sentimita 1 huacha MeV 2 hivi. Utasema upandishe kizingiti zibaki muoni tu, lakini gama ya thaliamu-208, inayotoka kwenye mnyororo wa thoriamu, ina MeV 2.61 na inavuka hapo. Kizingiti peke yake hakitakuokoa.

Halafu kuna joto. Kwa SiPM nyingi za aina hiyo, zinazoendeshwa kwa volti 29 hivi, nyuzi 10 zikipanda, mapigo hupungua kimo kwa asilimia 5 hivi, na yaliyo karibu na kizingiti hayahesabiwi. Juu ya ghorofa mchana ni tanuri. Huenda 356 yako imeshushwa na jua.

BintiTakwimu
Samahanini, mimi naona hii ni chai. Matukio ya nasibu yenye wastani wa 412 hutawanyika kwa kipeuo cha pili chake, yaani 20 hivi. Katika dakika tatu, mbili ziangukie kati ya 392 na 432, moja nje ya hapo. Za mwalimu zote zimekaa kati ya 409 na 414. Asili haihesabu hivyo. Namba hizi zimeandikwa mezani.

Mjukuu_wa_Kirumba
Duh. Mwalimu, njoo na faili la Arduino. Kutunga takwimu ni kuwafundisha watoto wizi.

Mwl_Nyegezi
Sijatunga. Kila namba ni wastani wa saa nzima, dakika 60. Niliona haina haja kuandika.

BintiTakwimu
Ilikuwa na haja kubwa kuliko yote. Basi 20 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 60, unapata 2.6. Namba zako zinakaa humo, nafuta neno langu. Tena kwa usahihi huo, tofauti ya 56 ni ya kweli kabisa. Haijathibitika tu kwamba ni muoni.

Mwl_Nyegezi
Ahsante dada. Basi tuandike "ongezeko la mionzi". Kuna jarida limeshakubali muhtasari ndani ya siku tatu, na nusu ya ada nimelipa. Kuacha sasa ni kupoteza hela.

Mjukuu_wa_Kirumba
Siku tatu! Kaka, mhakiki gani anasoma kwa siku tatu? Litafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria, kisha waandikie wawili watatu wanaotajwa kwenye bodi uwaulize kama wanalijua. Nusu iliyoondoka imeondoka, usiifukuze kwa nusu nyingine.

Mwl_Nyegezi
Na kama nikinunua chanzo cha sizi-137 nithibitishe kwamba kigunduzi hakisomi gama?

FundiSaketi
Hapana. Chanzo cha mionzi kinataka kibali cha TAEC (Tume ya Nguvu za Atomu), na hapa hukihitaji. Nunua kilo moja ya mbolea ya MOP, ile ya potasiamu, duka la pembejeo. Potasiamu iliyomo hutoa gama kama 1,600 kwa sekunde. Iweke kwenye mfuko mkavu chini ya kigunduzi, hesabu saa moja na mbolea, saa moja bila. Namba ikipanda, unasoma gama.

Kisha rudi kwenye jiwe usiku, joto likiwa limetulia. Panga ukuta wa madumu ya lita 20 yaliyojaa maji kati ya jiwe na kigunduzi. Sentimita 25 za maji hukata zaidi ya nusu ya gama za potasiamu zinazotoka upande huo, wakati muoni nyingi hupita kama hakuna kitu. Ziada ikianguka, jibu unalo.

Muoni zenyewe zinataka bamba la pili la sintileta, sentimita 5 juu ya la kwanza, ukihesabu matukio yale tu yanayogonga mabamba yote mawili ndani ya mikrosekunde 1. Kwa kasi yako, gama za kubahatisha zitaingia mara moja kila saa tatu hivi. Muoni zitakuwa kati ya 5 na 8 kwa dakika.

BintiTakwimu
Kwa 6 kwa dakika, usahihi wa asilimia 1 unadai matukio 10,000, sawa na saa 28. Ongeza sensa ya BMP280 urekodi kanieneo ya hewa. Hapa karibu na ikweta hupanda kila siku mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kila hektopaskali inayoongezeka hupunguza muoni kwa asilimia 0.1 hadi 0.2. Pima jiwe na ghorofa saa zilezile, la sivyo utalinganisha hewa badala ya mwamba.

Mwl_Nyegezi
MOP naipata kesho. Hilo bamba la pili, lazima liwe la kipimo kilekile au hata la sentimita 5 kwa 10 linafaa?

FundiSaketi
Linafaa. Liweke chini, dogo likae juu katikati yake, na uandike vipimo vyote viwili kwenye daftari.