Dagaa wamepanda, niuze bei ya soko au niwaonee huruma majirani?

MtuWaKibirizi: Wakuu salama? Mi nanunua dagaa nakausha naweka stoo hapa Kigoma. Mnakumbuka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa watu wasivue 15 Mei mpaka 15 Agosti, wenye mzigo walipiga hela, Wakongo wanakuja na keshi hawabishani. Sasa bimkubwa ananisema eti nawaumiza watu wa mtaani, niwauzie bei ya zamani. Hivi ni wajibu wangu kweli au ndo soko lilivyo?

Jembe la Uvinza: Uza bei ya soko mkuu. Ukikatazwa faida nani atakausha aweke stoo ili miezi hiyo watu wapate? Wazee wetu wanaijua 1983, Waziri Mkuu Sokoine aliposaka walanguzi, walikuwepo kweli walanguzi sikatai ila sabuni iliyoadimika haikurudi dukani kwa kukamata watu, ilirudi watu waliporuhusiwa kuagiza mizigo, kuanzia 1984 na zaidi enzi za Mwinyi.

Ujiji_Kwetu: Taratibu ndugu yangu, ilirudi dukani lakini si kila mtu aliweza kuinunua, hapo ndo kwenye swali la bimkubwa. Kwenye dini yetu yote mawili yapo: Mtume aliombwa apange bei sokoni akakataa, na hapohapo akakataza kuhodhi chakula ili bei ipande. Ukishauza kwa haki kuna zaka 2.5% na hiyo sio hisani, ni haki ya maskini iko ndani ya mali yako. Kwahiyo usiguse bei, gusa mfuko wako.

Mama Mawese: Nyie mnaongea vitabu 😂 mi nauza Mwandiga. Ukishusha bei kwa "majirani" saa hiyohiyo dalali anatuma watoto wanakuja na visado, jioni mzigo wako uko boti ya Kongo. We wajue wenye shida, yule bibi anayelea wajukuu mfungie fungu lake mpelekee nyumbani kimyakimya, wengine wakopeshe walipe mwisho wa mwezi. Ila usinidanganye hujazuia mzigo makusudi, wafanyabiashara tunajuana.

MtuWaKibirizi: Hahaha mama umenishika, kuna magunia nayasubirizia kidogo. Ujiji_Kwetu hiyo zaka nahesabu kwa bei niliyonunulia?

Ujiji_Kwetu: Hapana kaka, mwaka ukitimia unahesabu kwa bei ya siku hiyo. Ikipanda na zaka inapanda. Na hayo magunia yatoe.