Naomba ushauri: njia ya kufika Kaza, bonde la Spiti

Habari zenu wakuu. Nasoma Chandigarh, India, na mwishoni mwa Septemba nataka kwenda Kaza, jimbo la Himachal Pradesh. Ndiyo makao makuu ya Spiti. Watu wa vijiji vya juu kama Kibber, Langza na Komic hushuka hapo kufuata soko, hospitali, mafuta ya gari na mabasi. Nataka niweke kambi hapo, nizunguke taratibu hadi Tabo, kwenye monasteri iliyoanzishwa mwaka 996. Nimeitamani sana safari hii.

Kinachonitatiza ni njia. Ya Manali ni fupi, lakini inapita Kunzum, njia ya juu ya milima iliyo zaidi ya mita 4,500, na theluji ikiwahi kushuka barabara hufungwa. Ya kuzungukia Shimla na Kinnaur ni ndefu, ila mwili unapata muda wa kuzoea mwinuko, na kwangu hilo ni kubwa kwa sababu rafiki ninayesafiri naye ana pumu, na Kaza yenyewe iko juu ya mita 3,600. Lakini huko Kinnaur sisi wageni tunatakiwa kuwa na kibali, maana ni karibu na mpaka wa China.

Kwa aliyewahi kupita: kibali ulichukulia Shimla au Reckong Peo, na ulisubiri muda gani? Kwa mwenye pumu, tulale wapi njiani, Kalpa au Nako? Daktari wake tutamwona kabla ya kuondoka, ila nahitaji kusikia kutoka kwa mtu aliyefika.