Sabuni ya maji inageuka maji kila nikiongeza chumvi. Nakosea wapi?

Mama Wawili, Kigamboni

Habari za jioni wadau. Naombeni msaada, mtaji wangu ni mdogo na nimeshaharibu lita 40.

Nilijifunza sabuni ya maji kwa dada yangu Morogoro. Kipimo chetu: salfoniki (asidi nzito ya kutengenezea sabuni) lita 1, slesi (ile nzito ya kutoa povu) nusu kilo, soda ashi (unga mweupe wa magadi makali) robo kilo, chumvi nusu kilo, maji lita 20, halafu rangi na manukato. Kule ilitoka nzito, ukiinamisha chupa inashuka taratibu. Sasa nimehamia Kigamboni, natumia maji ya kisima cha nyumba tuliyopanga. Ndoo ya kwanza ilitoka nyepesi, ina ukungu na vijipande vyeupe vinaelea. Nikaongeza chumvi nusu kilo, ikazidi kuwa nyepesi. Nikaongeza nusu nyingine. Asubuhi nakuta imejitenga, juu utando mzito, chini maji matupu. Ndoo ya pili nayo vilevile.

Halafu mama ntilie niliyemuuzia ile niliyotoka nayo Morogoro anasema inamkausha mikono mpaka ngozi inabanduka. Hilo limeniumiza kuliko hasara.

Kijana wa Tandika

Slesi yako ndogo hiyo. Weka kilo nzima, itakuwa nzito.

Bi Mapipa, Tanga

Mdogo wangu, pole sana. Usiongeze slesi kwanza, utatupa hela juu ya hela.

Onja maji ya hicho kisima. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na vingine vina chokaa juu yake. Chokaa ndiyo inayokamata sabuni na kukutolea hivyo vijipande vyeupe. Sabuni iliyokamatwa haitoi povu wala uzito. Na chumvi ya kisima imeshaingia kwenye ndoo kabla hujafungua pakiti yako. Kwa hiyo kipimo cha Morogoro kimebaki Morogoro.

Shika hili, maana hata waliotufundisha wengi hawalisemi: chumvi haiongezi uzito bila kikomo. Ukiiweka kidogo kidogo sabuni inapanda, inapanda, inafika kileleni, kisha kijiko kinachofuata kinaiteremsha. Ukiendelea, sabuni inajitenga na maji, ndiyo huo utando wako. Wewe ulikuwa umeshavuka kilele ukadhani bado unapanda. Nami niliharibu pipa zima mwaka 2016 kwa kosa hilohilo, nikalia.

Fanya hivi. Changanya kila kitu bila chumvi, kwa maji ya bomba au ya mvua. Teka lita moja uweke pembeni. Tia chumvi kijiko cha chai kimoja, koroga mpaka iyeyuke, angalia. Kingine. Hesabu. Kijiko kitakachoilegeza, rudi nyuma kimoja, zidisha kwa lita za ndoo yako.

Sasa mikono ya huyo mama. Robo ni gramu 250. Lita moja ya salfoniki nzito, ile ya asilimia 96, asidi yake inaisha kwa soda ashi gramu 180 hivi. Zinazobaki zinakaa ndani ya sabuni na ndizo zinazomla ngozi. Isitoshe soda iliyozidi nayo inafanya kazi kama chumvi, inakusogeza kileleni bila wewe kujua. Usikubali robo ya kukadiria kwa mkono, nunua mzani mdogo. Na tafuta karatasi za pH kwa wauza kemikali, zile zinazoonyesha kwa namba kama sabuni ina asidi au magadi: ikisoma 7 hadi 8 uza, ikipanda zaidi tia salfoniki kidogo sana, koroga, pima tena.

Soda iyeyushe pembeni kwa maji, uimimine taratibu kwenye salfoniki uliyokwisha kuilainisha kwa maji. Itachemka povu, ni gesi inatoka, basi tumia ndoo kubwa ya plastiki. Sufuria ya alumini usiiguse. Vaa glavu na miwani, watoto wawe mbali. Nina kovu kwenye kifundo cha mkono kwa tone moja la salfoniki ambayo haijachanganywa.

Zile lita 40 usimwage! Ule utando ni sabuni yako. Tengeneza ndoo mpya isiyo na chumvi kabisa, ikoroge ile ya zamani yote ichanganyike, kisha uitie kwenye mpya jagi moja moja. Chumvi yake ndiyo itakayoipa uzito ile mpya. Pima pH kabla ya kuuza.

Mwana wa Kisauni, Mombasa

Bi Mapipa amemaliza, mie naongeza moja tu. Usihukumu uzito sabuni ikiwa bado ina joto au imejaa povu. Huku joto letu mwalijua: mchana sabuni yaonekana nyepesi, alfajiri yashika. Iache ilale usiku mzima, povu lishuke, ndipo uamue. Na ukija kununua Mombasa uliza Ungerol, hiyo slesi yenu huku twaiita hivyo.

Mama Wawili, Kigamboni

Nimerudi baada ya siku tatu. Nimeonja kisima, kweli kina chumvi, na chai yetu ndiyo maana haikai vizuri. Nimejaribu lita moja moja kwa maji yote mawili. Ya bomba kwa jirani, kilele kijiko cha nne. Ya kisima, cha pili tu, cha tatu ikalegea, na ukungu haukuondoka hata kidogo. Kisima nimekiacha.

Soda nimepima gramu 180, karatasi ya pH ikasoma karibu na 8. Ya zamani naiingiza; jagi la tano ndipo ndoo mpya ilishika, nikasimama hapo. Zimebaki nyingi, nitazimaliza kwa ndoo zijazo.

Mama ntilie nimempelekea chupa mpya bila malipo. Ameahidi kuoshea vyombo wiki nzima bila glavu, Jumamosi nitapita kuangalia mikono yake.