Ripoti ya MRI ya baba imeandika "alama ya ndege", naombeni mnifafanulie

Kifunguamimba:
Habari zenu wakuu. Baba yangu ana miaka 67. Miaka miwili iliyopita alianza kuanguka, na kila mara anaanguka chali, hata akiwa amesimama tu. Tukaambiwa ni Parkinson, akaanzishiwa levodopa. Dozi imepandishwa mara tatu na sioni tofauti. Mikono haitetemeki, ila shingo imekakamaa na ngazi anazikosa. Tukimwambia "baba, angalia unapokanyaga", macho hayashuki.

Kinachoniumiza zaidi ni ukimya. Huyu ni mtu aliyekuwa akipiga hadithi hadi usiku wa manane. Siku hizi mjukuu anampandia mapajani, yeye anatazama tu mbele. Mama anaamini amemkasirikia, na nyumba imekuwa nzito.

Wiki hii amepigwa MRI. Ripoti inasema ubongo wa kati umesinyaa na kuna "alama ya ndege". Daktari anashuku PSP (progressive supranuclear palsy), ugonjwa wa ubongo unaofanana na Parkinson. Kumwona tena ni baada ya wiki tatu. Huyo ndege ni nini? Kwa nini dawa imegoma? Na sisi watoto tupimwe?

Nesi wa Zamu:
Pole sana, ndugu yangu. Nimefanya kazi wodi ya wagonjwa wa mishipa ya fahamu, nitakueleza ninavyoelewa.

Ubongo ukipigwa picha kwa ubavuni, shina lake linaonekana vizuri. Ponsi, ile sehemu nene, ndiyo mwili wa ndege. Juu yake kuna ubongo wa kati. Ukikonda, unabaki kama kichwa kidogo chenye mdomo mrefu mwembamba, kama wa yule ndege aitwaye chozi. Ponsi haijapungua sana, ndiyo maana umbo linajitokeza.

Kinachoukondesha ni protini iitwayo tau. Kwa kawaida tau hushikilia vijinjia vya usafirishaji ndani ya seli za neva. Kwenye PSP inaachia, inajikunja na kuganda mafundomafundo, na seli inakufa. Hata astrosaiti, seli zinazozitunza neva, hujaa tau hiyo. Parkinson ni protini nyingine kabisa, alfa-sinukleini.

Sasa angalia dalili za mzee. Mitambo inayoyapeleka macho juu na chini imo humohumo kwenye ubongo wa kati, kwa hiyo ngazi hazioni kwa sababu macho hayawezi kushuka. Kuhusu dawa: levodopa huziba pengo la dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, lakini lazima kuwe na seli za kuipokea na kuipitisha mbele. Kwenye PSP hizo nazo zimeharibika. Wapo wanaopata nafuu kiasi kwa muda, kwa hiyo msiikatishe ghafla bila daktari.

Kuhusu nyinyi watoto, karibu wagonjwa wote hawakurithi. Ni ugonjwa adimu, takriban watu 5 hadi 7 kwa kila 100,000. Kama hakuna ndugu wengine waliougua hivi, sioni cha kuwakimbiza kupima.

Mke wa Fundi:
Dada au kaka, mwambie mama hajakasirikiwa. Mume wangu alikuwa hivyohivyo, nami nilinuna naye karibu mwaka mzima. Mpaka leo naujutia. Ugonjwa hukata mawasiliano kati ya ndani ya ubongo na sehemu ya mbele, inayomsukuma mtu kuanza jambo. Anakupenda, ila ule msukumo wa kusema haupo. Mpe muda. Ukimuuliza swali, hesabu moyoni hadi kumi kabla hujamjibia. Wangu mara nyingi alijibu kwenye nane.

Anapaliwa akinywa maji? Kama ndiyo, msisubiri wiki tatu. Ombeni mtaalamu wa kumeza sasa hivi, maana chakula kikipita njia ya hewa huleta nimonia, na nimonia ndiyo inayowaondoa wengi wao.

Kifunguamimba:
Anapaliwa, ndiyo. Tulidhani ni haraka ya kunywa. Kesho asubuhi napiga simu. Nesi, picha hiyo inathibitisha kabisa?

Nesi wa Zamu:
Inaongeza uzito, haithibitishi. Uthibitisho kamili hupatikana kwa kutazama tishu za ubongo kwa hadubini baada ya mtu kufariki. Steele, Richardson na Olszewski walipoueleza ugonjwa huu mwaka 1964 huko Kanada, walilinganisha dalili za wagonjwa na bongo zilizochunguzwa baada ya kifo. Dawa ya kuuzuia bado haijapatikana, nami sitakuficha hilo. Lakini kuanguka na kupaliwa mnaweza kuvipunguza sana. Ulizeni pia juu ya kitembezi chenye uzito mbele na miwani ya prizimu, inayopindisha mwanga ili aone chini bila kushusha macho.

Kifunguamimba:
Nimemsomea mama maneno ya Mke wa Fundi. Alikaa kimya, kisha akahamisha kiti chake, akakaa mbele ya baba usawa wa macho yake, akamuuliza kama amelala vizuri. Tukahesabu. Alijibu.