Walkman ya Mama na ile kanda ya Tanga

*IJUMAA*

Binti Muscat: Assalam alaykum nyote. Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama Mkubwa. Nimefungua sanduku la mama nikakuta walkman yake, kile kiredio kidogo cha kusikilizia kanda, na kanda imeandikwa kwa kalamu: "Barua ya Mama, Tanga 1986". Nimetia betri mpya, nabonyeza, kimya.

Mama Mkubwa Mombasa: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Ya Rabi, hiyo ni sauti ya Mama, bibi yako! Simu ya Muscat ilikuwa ghali, tukakaa ukumbini tukaongea kwenye redio kaseti, kanda akapewa msafiri. Itie kwenye redio yoyote tusikie!

Mjomba Fundi: Ngoja dada. Mpwa wangu, itoe humo sasa hivi. Mashine iliyolala miaka yote hiyo haipewi kanda ya pekee. Halafu tazama mgongoni mwa kanda, kuna vijimeno viwili vya plastiki, kimoja cha upande A, kingine cha B. Vivunje. Redio yenye kitufe cha kurekodi haitaweza kumfuta Mama kwa bahati mbaya.

Binti Muscat: Nimevunja 📷

Mjomba Fundi: Ahsante. Sasa vyuma vya betri. Vina unga?

Binti Muscat: Mweupe, upande wa springi.

Mjomba Fundi: Betri za zamani zilivuja. Chovya kijiti cha pamba kwenye siki, sugua mpaka povu liishe, futa, kisha pitisha spiriti ya isopropili, ile ya asilimia 90 au zaidi. Matone tu, isichuruzike ndani.

Binti Muscat: Mota inalia!! Ila hakuna kinachozunguka.

Mjomba Fundi: Basi mpira unaozungusha mashine kutoka kwenye mota umekufa. Fungua mfuniko wa nyuma. Skrubu zipange kwenye karatasi kama ulivyozitoa, urefu wake haulingani.

Binti Muscat: 📷 Mjomba, hakuna mpira. Kuna kitu kama lami.

Mjomba Fundi: Ndio mpira wenyewe huo, umeyeyuka kwa uzee. Ufute wote kwa pamba na spiriti, kila puli, yaani kigurudumu ambacho mpira unapita, mpaka pamba itoke safi. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Lami ikibaki, mpira mpya utanata.

Binamu Dar: Shikamoo Mjomba. Si afunge rababendi tu?

Mjomba Fundi: Marahaba. Itazunguka, lakini unene wake hauko sawa, sauti itayumba kama mtu anayeongea ndani ya daladala kwenye mashimo. Utepe unapita sentimita 4.76 kwa sekunde na hautakiwi kusita. Binti, zungusha uzi pale mpira ulipokuwa unapita, upime, punguza kama asilimia 5, agiza mpira wa kipimo hicho.

*JUMATANO, MPIRA UMEFIKA*

Binti Muscat: Umeingia, unazunguka.

Mjomba Fundi: Bado usiguse kanda ya Mama. Hedi, kile kipande kinachosoma utepe, na kijiti cha chuma kando yake, spiriti. Kigurudumu cha mpira kinachobana utepe, maji yenye sabuni kidogo, ukikaushe. Kikiwa na utando wa kahawia ndicho kinachokula kanda. Kisha jaribu kanda ya dukani usiyoionea uchungu.

Binti Muscat: Nimetia taarab ya dukani, na simu inapiga wimbo ule ule. Zinakwenda sambamba mpaka mwisho.

Mjomba Fundi: Mashallah. Sasa ya Mama. Kwanza izungushe kwa kalamu, utepe uliolegea ukaze.

Binti Muscat: 🎤 0:41

Mama Mkubwa Mombasa: Ndiye. Allah amrehemu, ndiye kabisa. Lakini mbona sauti nyembamba? Mama alikuwa na sauti nzito.

Binamu Dar: Kuna skrubu ndogo ya spidi kwenye mota, irudishe nyuma.

Mjomba Fundi: Msiiguse! Kanda ya dukani iko sawa, kwa hiyo walkman iko sawa. Kosa ni la siku ile ya kurekodi. Dada, betri zilikuwaje?

Mama Mkubwa Mombasa: Tulizianika juani kutwa nzima ndio zikapata nguvu.

Mjomba Fundi: Basi ndiyo hiyo. Betri zikichoka redio inarekodi polepole, leo ikipigwa kwa mwendo sahihi sauti inakimbia. Binti, toa waya kwenye tundu la hedifoni uingie kompyuta, sauti iwe ya katikati, rekodi upande wote bila kusimamisha. Faili hiyo usiibadilishe kamwe. Tengeneza nakala, ndiyo uipunguze mwendo kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti. Dada asikilize aseme.

Binti Muscat: 🎤 Hii nimepunguza asilimia 6.

Mama Mkubwa Mombasa: Bado kidogo mwanangu.

Binti Muscat: 🎤 Asilimia 9.

Mama Mkubwa Mombasa: HAPO! Huyo ndiye Mama! Anamuuliza mama yako kama mtoto ameshaanza kutambaa. Mtoto mwenyewe ni wewe.

Binti Muscat: 😭😭 Mama yangu yuko hapa ameshika simu, hataki kuiachia.

Mjomba Fundi: Msikilizeni kwanza. Dakika za mwisho zitataka zaidi ya 9, betri zilikuwa zinazidi kuchoka. Upande B uanze nao kesho, na hedi uifute tena kabla.