Mizizi ya mwarobaini imeingia kwenye bomba la choo: nikate mti au nihangaike na bomba?

KijanaWaChumbageni:
Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri, hasa kwa mafundi bomba.

Nyumba ya mama iko Tanga, ya zamani kidogo. Bomba linalotoka chooni kwenda kwenye karo ni yale ya saruji, vipande vifupi vifupi, na limepita pembeni ya mwarobaini mkubwa. Tangu masika yaanze, ukimwaga maji chooni yanapanda kwanza ndipo yanashuka taratibu, huku tundu la bafuni likikoroma. Fundi akafungua chemba, akapitisha waya, akavuta rundo la mizizi laini kama nywele. Maji yakapita vizuri, haukupita muda hali ikawa ile ile.

Sasa fundi anasema dawa ni kuukata mti. Mama kagoma kabisa. Ndicho kivuli chake, na nusu ya mtaa wanakuja hapo kuchuma majani. Kuna aliyeniambia nimwage mrututu, mwingine chumvi ya mawe. Nimfuate nani?

SpanaMkononi:
Mfuate mama, mkuu. Mzizi hautoboi bomba zima. Unafuata unyevu unaovuja kwenye maungio, unapenya ukiwa mwembamba sana, na ukishakuta maji na mbolea mle ndani unanenepa mpaka unapasua ungio lenyewe. Bomba lenu lina vipande vifupi, maana yake maungio ni mengi na saruji yake imeshachoka. Ukikata mti leo, nyufa zinabaki pale pale. Na mwarobaini ninavyoujua, kisiki kinachipua. Utakosa kivuli na choo pia.

Kuzibua ni nafuu ya muda tu. Chimbeni, mtoe hayo ya saruji, muweke PVC ya inchi 4 iliyo nene, kila soketi ipakwe gundi yake. Fundi akiwasha moto apanue mdomo wa bomba ili abane hela ya soketi, msimamishe hapo hapo. Ungio la namna hiyo halikazi sawasawa, na mzizi hauhitaji nafasi kubwa. Mteremko nao asikadirie kwa macho: kila mita moja ishuke sentimita 2.5.

Mtajuta:
Mnazunguka mno. Kata mti, kisiki mwagia oili chafu, habari imeisha. Mti utapandwa mwingine, choo hakisubiri.

BintiPangani:
Oili chafu kwenye ardhi ya watu, kaka? 😂

Mleta mada, hapo kwenu kuna kisima? Uliza hilo kabla ya kugusa mrututu. Ile ni sumu ya shaba. Inaua mizizi inayoigusa tu, na ikifika kwenye karo inaua na vijidudu vinavyomeng'enya uchafu, karo lianze kujaa haraka. Ikinywea ardhini na kisima kiko karibu, hayo ni mengine. Chumvi nayo utamwaga magunia, ungio litabaki limepasuka vile vile.

MwenyeNyumbaMakorora:
Naongezea kwa SpanaMkononi. Kama kuna nafasi upande mwingine wa nyumba, msilirudishe bomba pale pale, lihamisheni. Kila kona iwe na chemba, siku likiziba usivunje sakafu. Gharama kubwa itakuwa kuchimba na kurudishia sakafu, bomba lenyewe si tatizo.

Jambo moja watu hulisahau: vijana wakichimba karibu na shina wanafyeka kila mzizi wanaokutana nao. Mkikata ile minene ya upande mmoja, mti unabaki hauna nanga, na kusi ikivuma utawaangukia juu ya bati. Ndipo mtakapoukata kwa lazima.

Mtajuta:
Hilo la kusi nakubali. Wangu ulianguka.

KijanaWaChumbageni:
Asanteni sana wakuu. Nimemsomea mama, kacheka, kasema Spana apewe chai akipita Tanga. Kisima tunacho, kwa hiyo mrututu nimeachana nao. Upande wa jikoni kuna nafasi, tutapitisha huko mvua zikipungua, kwa sasa tunazibua tu. Swali la mwisho: bomba la zamani nikiliacha ardhini lina madhara?

SpanaMkononi:
Liache, ila ziba mdomo wake kwa zege pale linapoingia kwenye karo, na upande wa chooni pia. Ukiliacha wazi, mizizi iliyomo itapita humo humo mpaka ndani ya karo, na kuitoa huko ni kazi chafu kuliko yote mliyofanya. Kabla ya kufukia bomba jipya, ziba mwisho wake, lijaze maji, ulale nalo. Asubuhi maji yakiwa yamepungua, fundi asilipwe hela ya mwisho mpaka aonyeshe yalikotokea.

Na chai naipokea, isiwe ya majani ya mwarobaini tu.