Imeili za zamani hazionekani kwenye Outlook na mkaguzi anakuja Jumatatu. Msaada wakuu!

KaraniWaKizota
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni karani wa hesabu kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Dodoma, pande za Kizota. Jumatatu tunapokea mkaguzi wa mahesabu na ameshatuma orodha ya anavyovitaka: profoma, LPO (hati za wateja za kuagiza bidhaa) na majibizano yote ya mauzo ya mashudu (makapi ya alizeti iliyokamuliwa) ya mwaka 2021. Mauzo hayo yote tuliyafanya kwa imeili. Karatasi zilizobaki ni chache, nyingine zililiwa na panya stoo pamoja na magunia (msinicheke).

Shida yangu ni hii. Nikifungua Outlook, kikasha kinaishia mwaka mmoja tu nyuma. Nikishuka mpaka chini kabisa hamna kitu. Mwezi wa kwanza nilibadilishiwa laptopu, maana ile ya zamani ilikuwa inajizima yenyewe. Fundi akaniwekea Outlook, nikaingiza anwani na nywila, imeili zikaanza kumiminika, nikajua mambo safi. Sikutafuta cha zamani mpaka juzi. Sasa bosi ananitazama kwa jicho la pembeni kama vile nimezifuta kwa makusudi.

Zimekwenda wapi? Natanguliza shukrani.

MnyamaWaNkuhungu
Nimekaa siti ya mbele. Hili lilimkuta shemeji yangu, hakuzipata mpaka leo.

Chapakazi
Rahisi sana hiyo. Ifute hiyo akaunti kwenye Outlook halafu iongeze upya. Ikigoma, piga Windows upya. Ndani ya saa moja unaendelea na kazi.

FundiMajengo
Mleta uzi, hapo juu pasome lakini USIFANYE. Chapakazi sina ugomvi nawe, ila huo ndio ushauri unaoniletea wateja wanaolia hapa mjini. Kabla ya kufuta chochote, mtu ajue kwanza imeili zake zinakaa wapi.

Ziko namna mbili. Kuna akaunti za POP, ambazo programu inazishusha barua kuja kwenye kompyuta yako, na kule kwenye seva (kompyuta ya wanaokupa huduma ya imeili) zinaondolewa baada ya muda. Outlook ukiiacha na mpangilio wake wa kawaida, inabakiza nakala kwenye seva siku 14 tu. Maana yake barua ya mwaka 2021 ipo kwenye lile faili la diski yako peke yake. Ukipiga Windows upya na kufomati, umeichoma moto. Namna ya pili ni IMAP na Exchange: barua halisi zipo kwenye seva, unachokiona kwenye laptopu ni nakala. Kwa akaunti ya namna hii, barua zisipoonekana, mara nyingi ni nakala tu haijashuka.

Kwa hiyo nijibu matatu. Ukiingia kwenye imeili yako kwa kutumia kivinjari, sio Outlook, za 2021 unaziona? Pili, pale mwisho kabisa wa orodha kwenye Outlook kuna kasentensi kadogo ka Kiingereza kanakokwambia kuna vingine kwenye seva? Tatu, laptopu ya zamani iko wapi? Hili la tatu usilipuuze.

KaraniWaKizota
Asante sana kaka. Nimeingia kwa Chrome sasa hivi. ZIPO! Zinarudi mpaka 2019. Na hako kasentensi kapo kweli, miezi yote hii nilidhani ni tangazo.

Ila kuna kitu kinanichanganya. Za 2021 zipo lakini hazijatimia. Nimehesabu hazifiki 60, wakati msimu wa mavuno napokea 60 kwa wiki. Zina mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la pili. Laptopu ya zamani bosi alimpa mwanawe anayesoma UDOM.

FundiMajengo
Basi una matatizo mawili, tuanze na jepesi.

Outlook ikiwekwa kwenye mashine mpya haishushi kila kitu. Inapima ukubwa wa diski: ikizidi GB 64 inashusha mwaka mmoja, ikiwa kati ya GB 32 na 64 inashusha miezi mitatu, chini ya hapo mwezi mmoja. Ndio maana kwako kumekatika mwaka kamili kama kwa kisu. Fungua menyu ya Faili, ingia mipangilio ya akaunti, chagua akaunti yako, bonyeza kitufe cha kubadilisha. Utakuta mshale wa kuburuta wenye miezi na miaka. Uburute mpaka mwisho kulia, usome "zote". Funga Outlook, ifungue tena. Ni Outlook ile ya zamani ninayoisema, hii mpya menyu zake ziko kivingine.

Angalizo: usilifanye hilo kwa bando la simu. Miaka mitano ya profoma na picha za magunia ni GB za kutosha. Tumia WiFi ya ofisini, iache usiku kucha.

BintiMpwapwa
Samahani kudandia. Mimi natumia Thunderbird (programu ya imeili kama Outlook) na Gmail. Kikasha kimegota kwenye barua 1,000 kamili, hakiongezeki hata moja, na ninajua ninazo zaidi. Ni hayohayo?

FundiMajengo
Hapana dada, yako ni upande wa Gmail. Ingia Gmail kwa kivinjari, kwenye mipangilio ya IMAP kuna sehemu ya kuweka kikomo cha barua kwa kila folda. Mtu aliweka 1,000. Chagua pasiwe na kikomo.

BintiMpwapwa
Yesu wangu. Zimeingia zote. Miezi nane nateseka.

MstaafuMakole
Vijana, nimewasoma tangu mwanzo. FundiMajengo yuko sahihi kuhusu mwaka mmoja, lakini hayo mapengo yananikumbusha ofisi niliyokuwa nikifanya kazi. Mwanangu karani, hebu kumbuka: kwenye ile laptopu ya zamani kulikuwa na kidirisha kinachojitokeza kila baada ya wiki mbili hivi, kikiuliza kama kihifadhi vitu vya zamani?

KaraniWaKizota
Shikamoo mzee. Kilikuwepo! Nilikuwa nabonyeza Ndiyo ili kitoke njiani niendelee na kazi.

MstaafuMakole
Marahaba. Basi mhalifu ni wewe mwenyewe, lakini hukuua mtu. Kila ulipobonyeza Ndiyo, Outlook ilichukua barua zilizopita umri fulani, ikaziondoa kwenye kikasha (na kwenye seva pia) ikazitia kwenye faili linaloitwa archive.pst ndani ya diski ya laptopu hiyohiyo. Hazikufutwa, zilihamishwa nyumba.

Na mapengo yana sababu yake. Umri wa barua hauhesabiwi kwa tarehe ya kupokelewa peke yake. Ikiwa barua iliguswa baadaye, ukaiwekea bendera au ukaibadilisha chochote, inahesabiwa kuanzia hapo. Kwa hiyo hizo chache zilizobaki kikashani ni zile ulizozigusagusa. Angalia kama sisemi kweli.

KaraniWaKizota
Mzee nimeishiwa maneno. Karibu zote zina bendera nyekundu, ni za wateja waliokuwa wanatusumbua malipo.

FundiMajengo
Mzee shikamoo, nimenyoosha mikono. Karani, mpigie huyo mwanafunzi SASA, muulize kama ameifomati.

MnyamaWaNkuhungu
Mwanafunzi wa chuo kupewa laptopu asiifomati? Tuombe.

KaraniWaKizota
Hajaifomati! Anasema ilijizima siku ya pili akaisukumia uvunguni mwa kitanda. Kesho asubuhi naenda kuichukua. Nikifika niiwasheje na haikai dakika tano?

FundiMajengo
Usihangaike kuiwasha. Peleka kwa fundi yeyote mwaminifu, aichomoe diski na kuitia kwenye kasha la USB, iwe kama flashi kubwa. Tafuta kwenye folda ya nyaraka za jina lako, ndani yake kuna folda ya Outlook Files. Humo ndimo archive.pst hukaa. Usilifungue likiwa kwenye diski ya USB, linakili kwanza kwenye laptopu mpya, na nakala nyingine weka pembeni. Halafu kwenye Outlook, menyu ya Faili, fungua faili la data, lichague. Folda zake zitatokea upande wa kushoto, chini ya kikasha chako. Likikataa kwa sababu limeharibika, Outlook inakuja na kifaa chake cha kulitengeneza kinaitwa scanpst, lakini kiendeshe kwenye nakala, kamwe si kwenye faili lenyewe.

KaraniWaKizota
MREJESHO. Wakuu nimezipata. Faili lilikuwa na GB 3 na ushee, limefunguka bila kulia. LPO za mashudu za 2021 zote zimo, hata ile ya yule mteja aliyekuwa anakana kuwa hakuagiza. Ule mshale wa miaka nao nimeuburuta mpaka mwisho, ukashusha usiku kucha. Bosi ameshaanza kuniita kwa jina tena. Nimezima kile kidirisha kabisa. Mzee wa Makole, ukipita Kizota dumu lako la mafuta lipo.

MstaafuMakole
Dumu la lita ngapi? Usije ukanipa la lita tano nikapanda bajaji bure.

Chapakazi
Na mimi nimejifunza, ushauri wangu wa mwanzo naufuta. Windows nimeshawapigia upya watu watatu mwezi huu, sijui hata nianzie kumpigia nani simu.

MfugajiBahi
Karani, achana na imeili kidogo. Hayo mashudu mnauza bei gani kwa kilo, na mnaleta mpaka Bahi?